Gari inatetemeka na kunguruma mlimani kwa gia kubwa: ni mauntingi, ni plagi, au ni mguu wa dereva?

"Nina Probox ya 2008, injini ya 1NZ, gia za mkono. Nashusha mboga kutoka Lushoto hadi Mombo, nikirudi napandisha bidhaa za duka. Kwenye tambarare gari iko poa kabisa. Shida ni mlimani: nikiwa gia ya nne, spidi 35 hadi 40, nikikanyaga mafuta gari nzima inatetemeka, usukani mpaka kioo cha ndani, na kuna mngurumo mzito chini ya miguu. Mara nyingine nasikia pia mlio mwembamba wa chuma. Nikirudi gia ya tatu vyote vinapotea. Fundi wa kwanza anasema mauntingi zimekufa zote. Wa pili anasema nibadilishe plagi, halafu ataniwekea taimingi sawa. Mimi sipendi injini ipige kelele, kwa hiyo natumia gia kubwa nisile mafuta na nisiichoshe injini. Nikishuka naweka nyutro. Gari haina mshale wa RPM. Nianze na kipi?"

Ndugu, kabla hujatoa hela kwa fundi yeyote kati ya hao wawili, rudia kusoma sentensi moja uliyoandika mwenyewe: nikirudi gia ya tatu vyote vinapotea. Hiyo sentensi ina thamani kuliko majibu yote mawili uliyopewa. Plagi mbovu haiponi kwa sababu umebadilisha gia, na mauntingi (raba inayoshikilia injini kwenye bodi) iliyokatika haijiungi yenyewe, hata kama dalili zake zinaweza kupungua. Kinachobadilika unaporudi gia ya tatu ni mzunguko wa injini na uzito wa mzigo unaoubeba kila mlipuko. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tatizo lako, ingawa pengine siyo yote, ni kwamba unaidai injini kazi kubwa ikiwa kwenye mzunguko mdogo mno.

Najua hilo linagongana na ulivyofundishwa. Wengi tumekua tukiambiwa kwamba dereva mzuri ni yule ambaye injini yake haisikiki. Turudi nyuma kidogo tuone ndani ya bonneti kuna nini.

Injini yako ina silinda nne, na katika kila mizunguko miwili ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kila silinda inalipuka mara moja. Maana yake kila mzunguko mmoja unapata milipuko miwili. Kwa gia ya nne na tairi za kawaida za Probox, spidi 40 inakuweka karibu na mizunguko 1,500 kwa dakika, na spidi 35 inakushusha mpaka 1,300 hivi. Haya ni makadirio, tairi kubwa au ndogo zitayabadilisha kidogo. Kwenye 1,500 milipuko ni 50 kwa sekunde. Ukirudi gia ya tatu kwa mwendo uleule, injini inapanda hadi 2,000 hivi na milipuko inakuwa karibu 67 kwa sekunde.

Mlima haujui uko gia gani. Kupandisha gari na kreti zako za soda kwa spidi 40 kunahitaji nguvu ileile, uwe gia ya nne au ya tatu. Kama milipuko ni michache, lazima kila mmoja uwe mkubwa zaidi, kwa theluthi moja hivi. Ndiyo sababu unakanyaga mpaka chini. Basi krenki inapokea vishindo vikubwa vilivyoachana, badala ya vishindo vidogo vilivyofuatana. Flaiwili, lile gurudumu zito mwishoni mwa krenki, kazi yake ni kulainisha hayo mapengo, lakini flaiwili inayozunguka polepole ina akiba ndogo ya mwendo wa kugawa. Katikati ya kishindo na kishindo krenki inapungua kasi, kinachofuata kinaisukuma tena kwa nguvu, na kule kusukumwa na kuachiwa ndiko kunakopita kwenye gia boksi, ekseli, bodi, mpaka kioo cha ndani.

Raba za mauntingi nazo zina mipaka yake. Zimetengenezwa kumeza mitetemo ya haraka. Mtetemo wa polepole wenye nguvu kubwa unazipita, na ukiangukia kwenye mwendo ambao bodi au bomba la moshi linapenda kuitikia, gari nzima inavuma. Mngurumo unaousikia chini ya miguu mara nyingi ni bati la sakafu likiitikia injini. Utauliza: mbona ikiwa sailensi (inawaka bila kukanyaga mafuta) inazunguka 700 tu na haitetemeki hivyo? Kwa sababu pale haina mzigo. Inajizungusha yenyewe tu, kila mlipuko ni mdogo sana.

Halafu kuna huo mlio mwembamba wa chuma ulioutaja kwa kupita, wakati mimi ndio ulionifanya niandike jibu refu. Unaweza kuwa kitu cha bure kabisa, au kinachokula injini. Ukisikika kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo, na unakuja tu unapokanyaga sana ukiwa mlimani, huenda injini inagonga. Mafuta na hewa yanatakiwa kuwashwa na plagi, moto utembee kutoka kwenye plagi hadi kingo za silinda. Pistoni ikienda polepole huku umekanyaga sana, ule mchanganyiko ambao moto haujaufikia unakaa muda mrefu zaidi ukibanwa na kuchemka, mwisho unajilipukia wenyewe kabla ya zamu yake. Mgongano huo ndio unaolia. Injini yako ina sensa kwenye bloku inayousikia mgongano huo pengine kabla yako, na kompyuta inachelewesha moto wa plagi ili kuokoa pistoni. Moto ukichelewa, nguvu inapungua na joto jingi linaenda bure kwenye bomba la moshi. Wewe unaona gari nzito, unakanyaga zaidi. Kwa hiyo ile gia ya nne uliyoing'ang'ania ili usile mafuta, pale mlimani inakulia mafuta.

Hapa nikusahihishe bila kukuonea, kwa sababu nusu ya unachoamini ni kweli. Mzunguko mdogo unaokoa mafuta. Kwenye tambarare ya Mombo kwenda Korogwe, gia ya tano na mguu mwepesi ni sahihi kabisa, na wanaozungusha injini 3,500 kwenye barabara nyoofu wanachoma hela. Ila msemo huo una sharti lake: mguu uwe mwepesi. Siku mguu unapofika chini na gari haiongezi mwendo, akiba imeisha.

Na kuhusu kuichosha injini, 1NZ inavuta vizuri kabisa ikiwa karibu na mizunguko 4,000. Mizunguko 2,500 au 3,000 kwake ni matembezi. Kelele unayoisikia kwenye gia ya pili haina maumivu ndani yake. Kinachoiumiza ni kile kimya kizito. Beringi za krenki na za konrodi (fimbo za pistoni) hazigusani na chuma, zinaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Utando huo unajengwa na mzunguko wenyewe, na pampu ya oili pia inazungushwa na krenki. Mzunguko ukiwa mdogo utando unakuwa mwembamba, na ndipo wewe unapokipiga kila kishindo kwa nguvu zako zote. Pampu ya maji nayo inategemea injini, hivyo inasukuma maji kidogo wakati joto ni jingi na upepo wa mbele ni wa spidi 35. Injini haifi kwa wiki moja ya mchezo huo, nisikutishe. Lakini gari ya biashara inayopanda Soni kila siku na mzigo, kwa miaka, itakukumbusha.

Kumbuka pia Lushoto iko juu, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Tanga mjini. Injini isiyo na turbo inapungukiwa nguvu kwa kiasi hichohicho. Gia iliyokutosha ukiwa Muheza haitakutosha ukikaribia nyumbani, na hilo siyo ugonjwa wa gari.

Sasa mafundi wako. Wa pili nina ugomvi naye. Injini ya 1NZ haina distribyuta, kile kigawa-moto cha injini za zamani. Kila silinda ina koili yake (inayoipa plagi umeme) juu ya plagi, na muda wa moto unapangwa na kompyuta mara nyingi kwa sekunde. Hakuna kitu cha kuzungusha kwa spana ili "kuweka taimingi sawa". Anaweza kuwa alimaanisha cheni ya taimingi, ambayo ikichakaa hulia krrr kwa sekunde chache asubuhi unapowasha, lakini hiyo ni kazi nyingine na kubwa, na dalili zako hazisemi hivyo. Plagi ni sawa kuzitazama, ni kazi ndogo. Zitolewe, ziangaliwe rangi na pengo, ambalo kwa injini hii kawaida ni milimita 1.1. Ukinunua mpya, nunua dukani unakoaminiana na mwenye duka, maana plagi feki zinazofanana na za Denso zimejaa na zitakuletea tatizo ambalo hukuwa nalo.

Fundi wa kwanza huenda ana nusu ya ukweli. Gari ya 2008 ina haki ya kuwa na mauntingi moja iliyolegea, na mauntingi iliyolegea huukuza mtetemo ambao ungekuwa mdogo. Zote kufa pamoja ni nadra. Usikubali kubadilisha seti nzima kabla ya kuonyeshwa ipi na kwa nini, tena uwe macho na zile za bei rahisi zenye raba ngumu kama tairi la trekta: nimeona magari yakitoka gereji yakitetemeka kuliko yalivyoingia, mwenye gari akiambiwa "zitazoea".

Vipimo unavyoweza kufanya mwenyewe asubuhi moja ni hivi. Washa gari, iache ipate joto, nyutro, kiyoyozi kimezimwa. Shika usukani. Ikitulia, vizuri. Ikiwa inatetemeka palepale imesimama, au unasikia inakosa mpigo na kushtuka, yaani inamisi, basi kweli kuna kazi ya plagi, koili, nozeli (ya kupulizia petroli) au mlango wa hewa uliojaa masizi, na somo langu la gia halitakuponya. Ikiwa imetulia, panda mafuta polepole sana ukiwa palepale, kutoka sailensi hadi mzunguko wa kati, masikio wazi. Mlio mwembamba ukijitokeza mahali pamoja kisha ukapotea, huku gari haina mzigo wowote, tafuta bati la kukinga joto kwenye bomba la moshi. Boliti zake huliwa na kutu, bati linabaki linacheza. Gari ikishapoa kabisa ingia chini uligonge kwa ngumi. Ni mlio unaowatia watu hofu kuliko milio yote, na dawa yake ni klipu ya kubana bomba la maji.

Kwa mauntingi, mtafute mtu akusaidie. Bonneti wazi, breki ya mkono juu, mawe kwenye tairi, mguu wako umekanyaga breki, na huyo mtu asimame pembeni. Mbele ya gari asisimame kamwe. Achia klachi taratibu kwenye gia ya kwanza mpaka injini ianze kuvuta, kisha kanyaga tena. Rudia kwa rivasi. Injini kuinama kidogo ni kawaida. Ikiruka na kurudi kwa kishindo, aone ni upande upi.

Kipimo cha mwisho ni barabarani, na ndicho kitakachokutumikia kila siku kwa kuwa huna mshale wa RPM. Ukiwa mlimani, ongeza mguu kidogo. Gari ikiitikia kwa kuongeza mwendo, gia ni sahihi. Ikiitikia kwa kuongeza mngurumo tu, rudi gia chini kabla haijaanza kutetemeka. Kwa gari yako yenye mzigo, kuanzia Mombo kwenda Soni gia ya tatu ndiyo gia yako, na kwenye zile kona za kukunja goti ni ya pili bila aibu. Kwa spidi 40 gia ya pili itakuweka karibu na 3,000, pale injini inapofanya kazi kwa raha. Fanya hivi wiki nzima kabla ya kununua chochote.

Ikiwa baada ya hapo mlio wa misumari unaendelea hata kwenye gia ya tatu na mzunguko wa kutosha, geukia mafuta. Petroli ya kwenye chupa barabarani, au iliyochanganywa na mafuta ya taa, hugonga haraka kwa sababu oktani ya mafuta ya taa, yaani uwezo wa kubanwa bila kujilipukia, iko chini sana. Mchezo wa kuchanganya ulikuwa mkubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010. Jaza kwenye kituo kinachouza sana, matanki mawili mfululizo, usikilize tofauti. Chupa za dawa ya kuongeza oktani sizipendekezi. Kama petroli ni nzuri na gia ni sahihi, hazina cha kukuongezea, na kama injini ina masizi mengi au sensa imekufa, zinaficha tu. Oili nzito ya kuzima kelele nayo ni vilevile.

Umesema nikishuka naweka nyutro. Hilo acha leo. Kwenye injini za nozeli, ukiwa ndani ya gia na umeondoa mguu kwenye mafuta, kompyuta inafunga petroli kabisa na tairi ndizo zinazozungusha injini. Ukiweka nyutro injini inabaki sailensi, inahitaji petroli ili isizime. Yaani unalipia mafuta ili ukose breki ya injini, kwenye mteremko wa zaidi ya kilomita 30, na mzigo wa kabichi nyuma. Breki zikichemka hapo hazikusikilizi. Shuka kwa gia ya tatu au ya pili, breki uzikanyage na kuziachia.

Wasomaji wenye otomatiki wataniuliza. Kwa gari zenu kompyuta ndiyo inayochagua mzunguko mdogo ili kubana mafuta, na gia boksi hujifunga moja kwa moja na injini hata kwa mwendo wa chini. Mngurumo hafifu mkianza kupanda kilima, unaopotea mkikanyaga zaidi, mara nyingi ni huo. Mtetemo kama gari inapita juu ya matuta madogo ya mchanga ni kitu kingine. Kagueni oili ya gia, hasa kama mtu amewahi kuweka ATF ya kawaida (oili ya otomatiki za gia) kwenye CVT (otomatiki ya mkanda). Na wenye injini ndogo za turbo zenye nozeli ndani ya silinda, kama TSI za Volkswagen, hilo la kukanyaga sana kwa mzunguko mdogo lichukulieni kwa uzito mara mbili. Huko kuna mlipuko wa mapema unaoweza kuvunja pistoni kwa mara moja, na ndiyo sababu viwango vipya vya oili, API SP ya 2020 mojawapo, vina kipimo chake. Someni kopo kabla ya kununua.

Kuna hali ambazo hutakiwi kusubiri wiki ya majaribio. Taa ya injini ikiwaka kwa kupepesa, maana yake silinda inamisi na petroli mbichi inakwenda kuharibu kichuja moshi (katalitiki) kwenye bomba la moshi. Punguza mwendo, nenda gereji. Mlio mzito wa kugonga, go-go-go, kutoka chini ya injini, unaofuata mzunguko hata gari ikiwa imesimama, ni dalili ya beringi. Zima, usiiendeshe hata mpaka kwa fundi. Taa nyekundu ya oili, vilevile zima. Na kama mtetemo unakuja tu wakati wa kuachia klachi unapoondoka, hiyo ni klachi au flaiwili, tafuta mtu wa gia boksi.

Ukienda kwa fundi, usimwelezee tatizo ukiwa mmesimama chini ya mwembe. Mpakie, gari iwe na mzigo wake wa kawaida, mpande naye mpaka pale inapotetemeka. Mwonyeshe gia ya nne, kisha ya tatu. Kisha asome kompyuta kwa mashine: kodi (namba za hitilafu) kuanzia P0300 hadi P0304 zinataja kumisi, ya mwisho kabisa ikikuambia silinda namba nne, na P0325 ni sensa ya kugonga kwa injini. Kama hakuna kodi, injini imetulia ikiwa sailensi, na gia ya tatu inamaliza tatizo, mwambie hela ya mauntingi utaiweka kwenye oili na filta.